Mbao Nzuri kwa Uzio wa Mama Furaha

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na tatu. Chekeni kwanza, halafu tuendelee. Daktari wa kifua aliniwekea kipimo chake cha masikioni mgongoni, akauliza kazi yangu, nikamwambia nauza mbao na kujenga uzio. Akasema vumbi la mbao na kifua changu haviwezi kulala nyumba moja, mmoja lazima ahame. Nilimuuliza amejuaje kuwa ni vumbi la mbao na si moshi wa mkaa wa jirani. Akanionyesha picha, nikauliza maswali mengine manne, akachoka. Nikahama mimi.

Wenzangu mnaobaki depo mmeniomba niwaandikie yale niliyoyaona katika miaka tisa. Mambo ya mshahara na nani alipewa ufunguo wa stoo nayaacha, kwa sababu hayo mnayazungumza kila siku bila msaada wangu. Nitaandika habari za mbao, na za uzio mmoja.

Siku ya kwanza niliingia depo ile ya mbao ya Bwiza, hapa Bujumbura, na shahada ya misitu ndani ya bahasha. Patroni, mwenye depo, hakuifungua bahasha. Alinipa brashi pana na ndoo ya vidanje, ile oili chafu ambayo mafundi wa magari wa mtaa wa nyuma wanaimwaga kutoka kwenye injini, akanionyesha rundo la nguzo.

"Diplome, paka."

Tangu asubuhi ile jina langu likawa Diplome. Jina alilonipa mama yangu, mle ndani hakuna aliyelijua hata mwaka wa tatu.

"Hii ni ya nini, patroni?"

"Ni dawa ya mchwa."

"Nani amepima?"

"Mteja."

"Mteja amepima namna gani?"

"Amenunua. Paka."

Nikapaka. Nguzo zilikuwa mkaratusi mchanga, mbichi, nyingine zikitoa maji kwenye kichwa nilipozigusa. Baada ya mkono mmoja wa oili zote zilifanana: nzee, nzito, nyeusi, kama zimeshafanya kazi. Hapo nilielewa dawa ile inatibu nini. Inatibu macho ya mnunuzi. Chini ya weusi huwezi kuona kama mti una kiini au ni nyama nyeupe tupu, huwezi kuona ufa, huwezi kuona tundu la mdudu. Na watu wa mji huu wameshazoea. Mtu mzima, mwenye nyumba ya ghorofa na kalamu mbili mfukoni, anaingia depo na kusema, "Nipe zile nyeusi." Haulizi ni mti gani. Anachagua nguzo kwa rangi kama mtu anayechagua soksi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Swedi, fundi wa Bwiza tangu babu yake, mtu wa msikiti na wa maneno machache ambayo karibu yote yalikuwa ya kukaripia. Vifaa vyake vilikuwa msumeno wa mkono aliounoa hadi ukabaki nusu ya upana, mita ya kitambaa iliyofutika namba za mwanzo, na msumari mmoja mrefu aliouweka kwenye mfuko wa shati. Msumari ule ndio uliokuwa chuo chake. Aliusukuma kwa dole gumba kwenye kichwa cha nguzo, pale mti ulipokatwa. Ukiingia kirahisi pembeni na kugoma katikati, alisema, "Huu una mtu ndani." Ukiingia kote sawasawa, alisema, "Nyumba tupu," akaupita.

Nilimheshimu kwa msumari. Kwa mengine sikumheshimu, na yeye alijua. Aliamini mti uliokatwa mwezi ukiwa mpevu unaitwa na mchwa kwa jina. Aliamini pia kwamba nguzo lazima ichimbiwe kichwa chini, upande wa matawi ardhini, ili isinywe maji kwenda juu.

"Mzee wangu, mti uliokufa haunywi."

"We umeusikia ukikataa?"

Kwa hiyo nikapima. Nyuma ya depo kulikuwa na kichuguu ambacho patroni alikiogopa kukibomoa. Nilichimbia vipande kando yake: mkaratusi mbichi uliopakwa vidanje, mkaratusi mbichi usiopakwa, kiini cha mkaratusi mzee uliokauka, gerevilea, sipre, na pacha wa kila kimoja akiwa kichwa chini. Nilivikata urefu mmoja, nikavitia alama kwa waya. Wafanyakazi waliita pale makaburi ya Diplome, na kila aliyepita aliuliza kama marehemu wanaendeleaje.

Baada ya masika mawili nilivichomoa mbele ya wote. Mkaratusi mbichi wa vidanje ulitoka kama soksi: ngozi nyeusi nzima, ndani hakuna kitu. Ule usiopakwa ulikuwa umeliwa vilevile, tofauti yake ni kwamba haukudanganya. Gerevilea ilivunjika mkononi. Sipre ilikuwa imeumwa pembeni tu. Kiini cha mkaratusi mzee kilitoka na udongo, nikakipangusa kwa kanga, kikawa kama nilivyokichimbia. Vya kichwa chini na vya kichwa juu havikuwa na tofauti yoyote.

Patroni alitazama ile soksi nyeusi, akasema, "Usiiache hapo wateja wataiona." Huo ndio ulikuwa mchango wake kwa elimu.

Mzee Swedi alichuchumaa akavishika vile vya kichwa chini kwa muda mrefu. "Kwa hiyo kichwa chini haina hasara," alisema.

"Haina faida pia, mzee."

"Mi nimeuliza faida? Kama haina hasara, naendelea."

Aliendelea, na hadi leo inaniudhi.

Wateja walinifunza dharau kuliko chuo. Wapo waliotaka libuyu, ule mti mwekundu wa Congo wa kutengenezea makabati ya harusi, wausimamishe uani uoshwe na mvua, kwa sababu jirani ana mlango wa libuyu. Nilimwambia mmoja kwamba anataka kuvalisha mbuzi suti. Akamgeukia patroni: "Huyu dada ni wa kufagia ao ni wa kuuza?" Wapo walioleta simu yenye picha ya uzio mweupe wa nchi ya theluji, wakataka hivyo hivyo huku Mutakura, mtaa ambao mchwa wake wanapanda hadi kwenye fremu za picha za harusi. Kila mmoja alikuwa na shemeji aliyemwambia jambo. Sijawahi kukutana na shemeji aliyewahi kusema, "Sijui."

Basi mwaka wa saba akaja Mama Furaha.

Alikuwa mwanamke wa Uvira, upande wa Congo, aliyehamia mtaa wetu wa Carama na familia, anauza vitenge na mafuta ya mawese kwa kuvuka mpaka, leo huku, kesho kule. Aliingia na kitenge kimefungwa juu ya suruali kama mtu anayewahi gari. Hakutaja rangi. Hilo peke yake lilinifanya niweke brashi chini.

"Mi nataka lupango ya nyuma, dada," alisema. Lupango kwa watu wa kwao ni uzio na kilichomo. "Ya mbele iko. Nyuma ni wazi, na nyuma iko korongo."

"Wezi wanapitia hapo?"

"Wezi si kitu. Ni baba yangu. Anatokaka."

Akanieleza amesimama. Baba yake, Mzee Lukas, alikuwa amevuka themanini, na kichwa kilikuwa kimemwacha kidogo kidogo. Alimwita binti yake kwa jina la dada yake aliyekufa. Mchana, binti akiwa sokoni na jirani anayemwangalia akigeuka kupepeta mchele, mzee alitoka nyuma na kwenda, anasema anarudi nyumbani, na njia aliyoichagua siku zote iliishia kwenye korongo lile ambalo kila mvua linakula mita nyingine ya mtaa. Mara ya mwisho walimkuta ameteleza hadi katikati, ameshikilia mzizi, anawauliza waliomwokoa kwa nini wamechelewa.

"Ndugu zangu wanasema nimufunge kwa mlango," alisema Mama Furaha. "Ao kwa kamba. Mi siwezi kufunga baba. Lakini mvua ikikuja na lupango haiko, nitamuzika. Umesikia? Unipe mbao yenye haitaanguka."

Nilisikia. Na kwa mara ya kwanza pale depo nilijiona nina kazi inayostahili shahada yangu.

Nilikwenda Carama kutazama udongo. Ulikuwa mweusi, wa kushika kiatu, unaokaa na maji wiki nzima baada ya mvua. Kwa udongo huo nguzo haihitaji dawa, inahitaji kuwa imezaliwa zamani. Patroni alitaka tumuuzie nyeusi, zilikuwa zimejaa uani. Nilimwambia akimuuzia nyeusi mimi mwenyewe nitampelekea mama yule ile soksi ya kichuguuni. Nilizunguka madepo matatu na Mzee Swedi na msumari wake, tukachagua nguzo moja moja, mkaratusi uliokatwa ukiwa mzee na kukaa kivulini miezi mingi, kiini kimejaa hadi karibu na ganda. Kwa kila tano tulikataa nne. Kwa mbao za kusimama tulichukua sipre, kwa sababu haipindi sana ikikauka na mchwa hawaipendi. Za kulala, zile zinazofunga nguzo na nguzo, nilikataa sipre. Nikataka mkaratusi wa kiini pia, unene wa vidole vitatu, ili mtu mzima akiusukuma kwa bega usicheze.

"Unajenga gereza?" aliuliza muuzaji mmoja.

"Nyumba ya baba wa mtu," alisema Mzee Swedi. "Toa ile ya chini kabisa, hiyo umeficha."

Tulijenga siku nne. Mzee Lukas alikaa kwenye kiti cha plastiki akitutazama, ametulia, anapokea chai kwa mikono miwili. Nguzo tulizichimbia mkono mmoja na nusu, kichwa chini, nilikuwa nimeacha kubishana. Mbao za kulala tulizipigilia upande wa ndani, mistari mitatu, na za kusimama upande wa nje, kama kila uzio wa Bujumbura ulivyojengwa tangu kuwe na vitu vya kuibwa: mwizi akija anakuta uso laini, hana pa kuweka mguu. Nilisukuma kwa bega. Nilimwita Mama Furaha naye akasukuma. Akaita majirani wakasukuma. Haukucheza.

"Hii ni mbao," alisema, akaubusu mkono wangu wenye vumbi. Nilirudi Bwiza nikiwadharau wanadamu wote waliowahi kupaka vidanje.

Siku ya tisa simu ililia saa nne asubuhi. "Diplome, kuya," aliniita Mama Furaha, bila salamu. "Amepita."

"Amevunja wapi?"

"Apana. Hakuvunja kitu. Kuya."

Tulipanda pikipiki mbili, mimi na Mzee Swedi. Tulimkuta Mzee Lukas amekaa ndani kwenye mkeka, ana tope hadi magoti na mchubuko kwenye kiwiko, anakula ndizi. Jirani alikuwa amemwona kwa bahati, ng'ambo ya uzio, hatua chache kutoka ukingo, anakojoa kwa utulivu. Nilizunguka uzio nikitafuta ubao uliolegea. Nguzo zilisimama kama nilivyoziacha. Msumari hata mmoja haukuwa umetoka. Nilianza kusema kwamba labda lango la mbele lilikuwa wazi.

"Nyamaza," alisema Mzee Swedi. Alikuwa ameinama kwenye ubao wa kulala wa chini. Kulikuwa na tope juu yake, umbo la kidole gumba cha mguu. Juu ya ubao wa pili, jingine. Juu ya ubao wa tatu, jingine.

Nilimgeukia Mama Furaha. "Baba alikuwa anafanya kazi gani?"

Alinitazama kama vile nimeuliza jua linatokea wapi. "Mukata-michikichi. Miaka yote, kule kwetu. Alikuwa anapanda mpaka juu, miti arobaini kwa siku moja."

Mimi, niliyeuliza nani amepima vidanje, niliyemuuliza daktari maswali manne kuhusu picha yangu mwenyewe, sikuwa nimeuliza swali hilo. Nilikuwa nimepima udongo, maji, kiini, mchwa. Nilimjengea mkwea michikichi ngazi ya vidato vitatu, ndani ya ua wake, nikaisukuma kwa bega kuhakikisha inambeba. Na hapa ndipo panaponichoma. Kama ningempelekea takataka nyeusi za patroni, na zile mbao za kulala za gerevilea tunazowapa wote, ubao ungekatika chini ya mguu wake na angeangukia ndani, kwenye majani, na mchubuko huo huo. Ubao wangu mzuri haukucheza. Ulimvusha salama hadi upande wa korongo.

Mzee Swedi alikaa juu ya ndoo. "Miaka yangu yote nimejenga kufungia watu nje," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniomba nifungie ndani. Isipokuwa mbuzi."

"Na mbuzi, mzee?"

"Mbuzi tunamfunga kamba."

Nilisema tutageuza. Tuzing'oe mbao zote, za kulala ziende nje, za kusimama ziingie ndani, uso laini umtazame mzee. Mzee Swedi alinikumbusha kwamba hiyo itakuwa ngazi nzuri kwa yeyote anayetoka korongoni usiku. Nilimpigia patroni, akapiga kelele hadi nikasogeza simu mbali na sikio: "Uzio wenye mgongo nje? Watu watasema depo yangu haijui mbele na nyuma! Muwekee miba ya waya juu, mambo yaishe!"

Mama Furaha alisikia kila neno. Alininyang'anya simu.

"Patroni, salama? Miba haiko. Nitaweka baba yangu miba? Mwizi akitaka, aingie. Atabeba sufuria, ataenda, nitanunua ingine. Baba akitoka sina ingine. Musikie: geuzeni."

Akanirudishia simu. Patroni alikuwa ameshakata.

Ilituchukua siku tatu. Misumari ya zamani ilitoka kwa taabu, kwa sababu mkaratusi wa kiini ukishashika msumari hauachii. Kila ubao uliong'oka ulinung'unika. Mbao mbili za sipre zilipasuka na nikazibadilisha. Majirani wa Carama walipita upande wa nje kuona mistari mitatu ya mbao ikiwatazama, wakacheka. Mmoja aliniuliza kama nyumba nayo nitaivisha kinyume. Nilimwambia alete shahada yake tuijadili. Wakati wote ule Mzee Lukas hakutulia kama mara ya kwanza. Alizunguka, aliuliza mbao zinakwenda wapi, mara mbili alishika mkono wa Mzee Swedi wenye nyundo.

Tulimaliza mchana wa siku ya tatu, mawingu yameshashuka juu ya milima upande wa mashariki. Mama Furaha alisimama mlangoni. Mzee Lukas aliuendea uzio. Alianza pembe ya kulia, akiupapasa kwa viganja viwili, kutoka juu kwenda chini, kama anavyopapaswa mnyama anayenunuliwa. Aliinua mguu wa kulia, vidole vikatafuta, vikateleza. Akasogea nguzo inayofuata. Aliinua wa kushoto. Alikwenda hivyo urefu wote, nguzo kwa nguzo, bila haraka, bila hasira, fundi anayekagua. Hakuna aliyemzuia. Nilikuwa nimeshika pumzi, na kwa kifua changu hilo si jambo dogo.

Alipofika pembe ya mwisho alirudi nyuma hatua moja, akauangalia uzio wote. Kisha akatuangalia sisi, mmoja mmoja, hadi akanifikia mimi niliyekuwa na nyundo.

"Nani amejenga hii?"

"Ni mi, baba."

"Hakuna pa kukanyaga."

"Ndiyo, baba."

"Haujui kazi," alisema Mzee Lukas, akanipa mgongo, akarudi ndani ya nyumba.